Darubini ya Dirishani

Baba aliniomba darubini siku ya Jumatatu, na mimi nikamjibu vibaya.

Nilikuwa na pini nne mdomoni na gauni la bibi harusi magotini. Mwenye gauni alikuwa ameshapiga simu mara tatu tangu asubuhi, kana kwamba simu ndiyo inayoshona. Baba alikuwa kwenye kiti chake dirishani, akaniambia bila kugeuka, "Mama, ukienda mjini niangalizie darubini. Siyo ya ghali. Ya kuangalia nje tu."

"Nje ipo hapo hapo dirishani, baba," nikasema. "Haijahama."

Ndivyo nilivyo mimi, sitajificha: mdomo wangu hutangulia, na moyo hufuata nyuma ukihema. Nilipomaliza pindo ndipo moyo ulipofika, lakini baba alikuwa ameshafumba macho akijitia amelala.

Baba yangu alikuwa dereva wa kreni kwa miaka thelathini na moja. Zile kreni ndefu za kujengea maghorofa, unapanda ngazi asubuhi na chai yako kwenye chupa, unashuka jioni. Alizoea kuuona mji wote chini ya viatu vyake. Kisha mwaka jana kiharusi kikampiga upande wa kulia. Alipona, tunashukuru, ulimi wake ni ule ule, lakini mguu ukawa mzito na mkono wa kulia ukabaki unatetemeka. Sisi tunakaa ghorofa ya nne, na jengo letu lina ngazi tu. Tangu atoke hospitali hakuwa ameshuka hata mara moja.

Kilichonitisha hakikuwa mguu, kilikuwa kichwa. Kila siku ikifika saa kumi alasiri, baba alikuwa anajikokota hadi dirishani na kuanza kuchezesha mikono. Mara kidole juu kikizunguka, mara ngumi, mara viganja vimekutana kifuani. Hakuna mtu mbele yake, bonde tu, reli, na majengo ya ng'ambo. Halafu kuna simu. Kila Ijumaa simu yake ya kitochi ililia, naye akaongea nayo dakika kumi nzima, na mimi niliyekaa hatua mbili kutoka kwake sikusikia sauti ya mtu upande wa pili. "Dawa umekunywa?" anauliza. Kimya. "Haya. Na goti je?" Kimya.

Nilifanya kosa la kumweleza kaka yangu. Kaka anakaa mbali, safari ya saa nne kwa gari, ana nyumba ya chini isiyo na ngazi hata moja, na ukuta mrefu kuizunguka. Ni mtu mwema, ila wema wake huja na ratiba. "Mzee amechanganyikiwa," akasema. "Jumamosi ya mwisho wa mwezi nakuja kumchukua. Kwangu hataanguka, na mke wangu yuko nyumbani kutwa." Sikukubali wala sikukataa. Nilipomwambia baba, alisema neno moja tu: "Kule hakuna dirisha."

Yapo madirisha sita, niliyahesabu nilipokwenda. Yote yanatazama ukuta.

Basi Jumatano nikapiga moyo konde nikaenda kutafuta hiyo darubini. Karibu na stendi kuna muuzaji anayetandika turubai chini na kupanga saa, tochi, redio na nyaya za simu. Alikuwa na darubini moja kubwa nyeusi, nzito kama pasi ya mkaa.

"Hii inavuta mara ishirini, dada," akaniambia. "Ndege ikipita unamwona rubani anapiga mwayo."

Zilikuwepo nyingine ndogo, lakini mimi nikafikiri kama ninavyofikiri nikinunua mkasi: mkubwa hukata zaidi. Nikamshusha bei mpaka akaapa kwa jina la mama yake, nikalipa, nikapanda ghorofa zangu nne nikitabasamu peke yangu.

Baba aliipokea kwa mikono miwili. Akaiweka machoni, juu ya miwani yake, akaielekeza ng'ambo ya bonde. Mkono ukatetemeka, na darubini nayo ikatetemeka. Akaishika upya. Akabana viwiko kwenye mbavu. Akazuia pumzi. Mwisho akaishusha taratibu, akasema, "Nzuri. Nzuri sana, mama. Ahsante." Akaiweka kwenye kizingiti cha dirisha na kuifunika kwa leso yake.

Kumfunikia mtu zawadi yake mbele ya macho yake! Nilikwenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa safi. Baadaye, baba alipokwenda kulala, niliijaribu mwenyewe. Nilitafuta paa la jengo la ng'ambo nikapata wingu. Nilipolipata paa, lilikuwa linacheza ngoma, tena yalikuwa mapaa mawili, kila jicho na lake. Baada ya dakika mbili kichwa kiliniuma. Rubani wa kupiga mwayo sikumwona.

Ijumaa simu ililia baba akiwa bafuni. Nikaipokea mimi, na nilikuwa nimejiandaa. "Sikiliza wewe," nikasema, "kama huna kazi ya kufanya, hapa kuna mzee mgonjwa, usimchezee." Upande wa pili nikasikia pumzi. Pumzi nzito, ya kukwaruza. Kisha kitu kikagonga kwenye simu, kama ukucha: ko, ko. Mara mbili.

"Nipe simu!" Baba alikuwa mlangoni, ameshika ukuta, maji yanamtiririka. Sijawahi kumwona na uso ule. "Nipe simu, mwanangu. Huyo ni Chini."

Nikampa. Chini nilimjua tangu utotoni. Kazini watu waliwaita Juu na Chini: baba juu kwenye kreni, na mwenzake chini akimwongoza kwa mikono. Dereva wa kreni haoni mzigo unakotua, anamwona mpiga ishara wake tu. Kidole kikizunguka juu, anapandisha. Kiganja juu ya kiganja, anakwenda taratibu. Viganja vikishikana kifuani, kazi imefungwa, watu waende nyumbani. Naye dereva akielewa anajibu kwa honi, mara moja. Ishara zote anazipokea kwa mtu mmoja tu, isipokuwa ishara ya kusimama. Hiyo, mkono umenyooshwa, kiganja kikitazama chini, unakwenda na kurudi, inaweza kutolewa na yeyote, hata mpishi wa chai, na dereva hana ruhusa ya kuuliza kwa nini kabla hajasimama. Nyumbani kwetu sheria ilikuwa hiyo hiyo. Baba akinyoosha kiganja, mimi na kaka tuliganda hata kama ngumi iko hewani.

"Walimfanyia upasuaji wa koo," baba akasema, akiwa amekaa sasa, simu imeshakatika. "Sauti imekwenda. Miguu nayo haitaki. Kuandika unamjua, jina lake tu. Ananipigia, mimi naongea, yeye anagonga. Moja ndiyo, mbili hapana. Lakini mtu utamuuliza maswali mangapi? Maisha siyo ndiyo na hapana tu."

"Na ile mikono dirishani?"

Akanyoosha kidole kinachotetemeka ng'ambo ya bonde. "Lile jengo lenye vibaraza vya kijani. Cha tatu kutoka juu. Kila siku saa kumi anatoka. Namwona kama punje ya mtama. Najua ananiambia kitu, lakini sisomi."

"Kwa nini hukusema, baba?"

"Wewe na kaka yako mlishaamua. Mtu akishaitwa kichaa, hata akisema mvua inanyesha watu wanachungulia nje kwanza."

Nililia, sioni aibu kusema. Nililia kwa ajili ya ile leso juu ya darubini, maana sasa nilielewa kwamba aliifunika ili mimi nisiione kila ninapopita.

Kesho yake nilikwenda kwa mama mmoja anayetengeneza miwani. Duka lake ni chumba kimoja chembamba chenye kioo, na droo zimejaa mikono ya miwani isiyo na wenzake. Nikaweka ile pasi ya mkaa juu ya kaunta na kumweleza yote. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Ulimpima?"

"Nimpime nini?"

"Macho. Upana kutoka mboni hadi mboni. Wewe si fundi nguo? Unakata kitambaa bila kumpima mtu?"

Kinyozi hajinyoi. Mimi ninayewafukuza wateja wanaoniletea vipimo kwa simu, nilimnunulia baba yangu macho kwa kukisia.

Akanifundisha bila kuniringia. Namba ya kwanza kwenye darubini ni mara inazokuza, ya pili ni upana wa kioo cha mbele. Inayokuza mara ishirini hukuza na mtetemo mara ishirini, hata mkono wa kijana hauiwezi bila kuiegemeza. Kwa mtu wa dirishani, mara nane inatosha na kubaki. Kioo cha mbele kikiwa kidogo sana, jioni anaona giza. Kikiwa kikubwa sana, mkono unachoka. "Na anavaa miwani, kwa hiyo mipira ya machoni lazima ikunjike, la sivyo ataona tundu dogo katikati tu. Halafu angalia ukingo wa paa kwa macho yote mawili. Ukiona kingo mbili, irudishe hapo hapo."

Alikuwa nazo mbili za mkononi, zimeshatumika, zote za mara nane kwa thelathini. Moja iling'aa kama mpya, lakini ndani ya kioo kulikuwa na ukungu. Nyingine ilikuwa imechubuka rangi hadi inatia huruma. "Chukua hii," akasema. "Mzee haangalii rangi, anaangalia kupitia kioo. Bei yake pia ni ya rangi iliyochubuka. Lakini kampime kwanza."

Nikarudi nyumbani. Baba alikuwa amesinzia kitini. Nikachukua futi, nikainama polepole usoni kwake kama mwizi.

Akafumbua jicho moja. "Unanipimia sanda?"

"Tulia, baba. Nakupimia macho. Tazama mbele."

"Bora umenishtua ningali hai," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu kiharusi akacheka mpaka futi ikaniponyoka. Milimita sitini na sita. Niliziandika kwa chaki kwenye meza ya kukatia, na sijazifuta mpaka leo.

Darubini iliyochubuka ilimtosha. Mama wa miwani alizungusha na skurubu mbili za ile kubwa, akainyoosha, mapaa mawili yakawa paa moja, akakataa malipo. Kwa vipande vya mapazia nikashona mto mdogo wenye bonde katikati, nikaujaza mchanga mkavu, nikauweka kizingitini. Darubini ikalala pale kama mtoto mgongoni, na mkono wa baba ukabaki na kazi moja tu ya kuigusa.

Sikuishia hapo. Nikishika jambo silipigi nusu. Nikashona glavu mbili za rangi ya machungwa, kama zile walizovaa kazini, nikazunguka bonde zima hadi jengo lenye vibaraza vya kijani.

Mzee Chini alinifungulia mwenyewe, amefunga kitambaa shingoni, amepungua nusu ya mtu niliyemkumbuka. "Shikamoo, baba," nikasema. Akaitikia kwa kichwa, akaniwekea kiganja utosini, na kwa muda tukasimama hivyo. Nilimwomba radhi kwa ya Ijumaa. Aligonga mlango kwa ukucha mara moja.

Nikampa glavu na ile darubini kubwa. Mikono yake, watu wangu! Mwili wote ulikuwa umechoka, lakini mikono ilikuwa imetulia kama meza. Akaiegemeza kwenye chuma cha kibaraza, akaangalia, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani anakohoa. Kumbe alikuwa amemwona baba amekaa dirishani, amejichomekea leso shingoni kwa ajili ya uji, na Chini alikuwa anacheka.

Saa kumi kasoro nilikuwa nimesharudi nyumbani, nikihema. Ng'ambo ya bonde vikatokea vidoa viwili vya machungwa. Baba akainama kwenye darubini.

"Unamwona?"

"Amezeeka vibaya, mjinga yule," baba akasema, na machozi yakamshuka hadi kwenye mipira ya darubini. Akainua mkono wake wa kushoto, ule mzima, akajibu. Wakapitia ishara zote kwa mpangilio, moja baada ya moja. Kila asubuhi kazini walianza hivyo, baba alinieleza, kabla mzigo wa kwanza haujanyanyuka, ili kila mmoja ajue kwamba mwenzake anamwona.

"Sasa anauliza kama breki zangu zinashika."

"Umemjibuje?"

"Nimemwambia upande mmoja umelegea, lakini mashine inakwenda."

Siku zile zilizobaki baba alikula bila kubembelezwa. Alinyoa ndevu. Alianza kunieleza habari za ng'ambo kama redio: Chini leo hajala vizuri, Chini ana mgeni, Chini anasema gauni la njano nililotundika limepinda begani. Nilikagua. Lilikuwa limepinda.

Lakini tarehe haikusimama. Jumamosi ya mwisho wa mwezi kaka akafika, ameshika begi kubwa jipya, amemletea baba sweta. Tulisalimiana, tukanywa chai. Nikamweleza habari ya Chini tangu mwanzo hadi mwisho. Akanisikiliza kwa ule upole wa mtu aliyekwisha kuamua.

"Dada, nafurahi amepata cha kumchangamsha," akasema. "Hata kwangu tutamwekea dirisha. Lakini ghorofa ni zile zile nne, kwa ngazi. Siku akianguka, utambeba wewe na futi yako?"

Hapo alinipata. Kaka akaanza kupanga nguo. Mashati, dawa, viatu ambavyo havijakanyaga nje mwaka mzima. Baba hakubisha. Alikaa dirishani mbele ya mto wake wa mchanga, mgongo ametugeuzia, na niliona ameinua mkono wa kushoto akifanya ishara ambazo sikuzijua. Ilikuwa saa kumi.

Kaka alifunga zipu, akabeba begi, akaja kusimama nyuma ya kiti. "Haya, mzee wangu. Twende kabla foleni haijaanza."

Baba hakusimama. Alijisogeza kando kidogo na kugusa darubini kwa kidole. "Angalia kwanza."

"Baba, muda..."

"Angalia, mwanangu. Halafu tutakwenda."

Kaka akainama, begi bado mkononi. Nilimwona akitafuta, kisha nikaona amepata, maana midomo yake iliachana. Mimi sikuhitaji darubini. Ng'ambo ya bonde kidoa cha machungwa kilikuwa kinakwenda na kurudi, kinakwenda na kurudi, bila kuchoka. Mzee asiye na sauti alikuwa ameona begi kupitia zile mara zake ishirini. Mkono ameunyoosha, kiganja kinatazama chini.

Kaka yangu ana miaka arobaini na sita, ana vijana wawili wenye ndevu. Aliganda kama alivyokuwa akiganda akiwa na miaka saba. Kisha mkono wake ukashuka taratibu na begi likagusa sakafu.

Kaka aliendelea kuangalia muda mrefu, na alipoinuka alijifuta macho kwa ile sweta.

"Ataendelea mpaka lini?" akauliza.

"Mpaka apate jibu," baba akasema. "Mpiga ishara hashushi mkono kabla ya honi. Na hapa mimi sina honi."

Kaka akatoka. Nikasikia viatu vyake kwenye ngazi, ghorofa ya tatu, ya pili, ya kwanza. Nilidhani amekasirika, na mdomo wangu ulikuwa umeshapata maneno ya kumtupia kutoka dirishani. Kisha mlango wa gari lake ukafunguka huko chini, na honi ikalia mara moja, ndefu, mpaka ng'ambo ya bonde.

Baba akarudi kwenye darubini. Vidoa viwili vya machungwa vikakutana, vikatulia kifuani.

"Anasemaje?" nikamuuliza, ingawa nilijua.

"Kazi imefungwa," baba akasema. "Toa nguo zangu kwenye begi."